Mavi ya Ijumaa na Sabuni Nyekundu

Juzi nilialikwa arusi hapa Gitothua, kwa jirani aliyekuwa akimwoza binti yake, na kabla ya kula tukapangwa foleni ya kunawa. Kijana mmoja alishika jagi la maji, mwenzake akashika sabuni. Nilipoinusa tu ile sabuni, nikarudisha mkono. Ilikuwa ile nyekundu ya dawa, inayonuka kama hospitali iliyofungwa madirisha. Nilinawa kwa sababu watu walikuwa wananisukuma kutoka nyuma, kisha nikakaa mbele ya pilau na nyama nikaviangalia mpaka vikapoa. Mjukuu wangu Kui akala sahani yake, akala na yangu.

"Shosho, unaumwa?"

"Siumwi. Ni sabuni."

Akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Huyu Kui akipita karibu na zizi la ng'ombe anaziba pua na kanga nzima. Mimi mavi ya ng'ombe hayanisumbui hata kidogo, ningeweza kulala kando yake. Sabuni nyekundu ndiyo inayonitapisha. Nitawaambia kwa nini, lakini msinikimbize. Shule niliachia darasa la pili, na kuandika kwangu ni kama kutembea kwangu, naenda nikipumzika.

Shule yenyewe ilikuwa upande wa Gatongora. Ruiru ya miaka hiyo ya hamsini ilikuwa stesheni ya gari la moshi, maduka machache ya Wahindi, halafu kahawa, na ukimaliza kahawa, kahawa nyingine. Wazazi wetu waliijenga shule wenyewe kabla sijazaliwa, kwa miti na udongo na nyasi. Jumatatu mpaka Ijumaa ilikuwa shule, Jumapili mabenchi yanageuzwa yanatazama upande wa pili, inakuwa kanisa. Sakafu ilikuwa ya udongo mtupu. Ndiyo maana kila Ijumaa tulikuwa na kazi ya kuipaka mavi ya ng'ombe.

Anayekula sasa hivi aweke sahani chini. Kila mtoto alikuja na mavi yake, mwingine kwa jani la mgomba, mwingine kwa mkebe, na wavulana wengine kwa mikono mitupu maana walipenda kutupaka shingoni. Yalimwagwa mlangoni kwa rundo moja. Tunatia maji, tunatia jivu, tunapanda juu na kukanyaga. Yale ya asubuhi yalikuwa bado na joto. Uliyasikia yakipenya katikati ya vidole vya miguu, laini kama uji, na ndani kulikuwa na majani ambayo ng'ombe hakuyamaliza, na wakati mwingine mnyoo mweupe uliokuwa ukijinyoosha kama mtu anayeamka. Kisha tunapiga magoti kwa mstari, tunapaka kwa viganja tukirudi nyuma kuelekea mlangoni, tukiimba nyimbo za Mungu. Kucha zilijaa. Tulipangusia mikono kwenye nyasi, tukala githeri, mahindi na maharagwe, kwa mikono hiyo hiyo. Nashangaa hatukufa. Lakini sakafu ikikauka ilikuwa ngumu, ya kijani kidogo, na haikuwa na vumbi wala kiroboto.

Sisi hatukuwa na ng'ombe. Wakati huo wa Emajensi, hali ya hatari iliyotangazwa na mkoloni, tulikuwa tumehamishwa, tumepangwa katika kijiji kipya, nyumba zimebanana mpaka jirani akikohoa wewe ndiye unayeamka, na handaki lenye miti iliyochongwa limetuzunguka. Baba yangu alikuwa kambini, kizuizini. Hilo lazima nilieleze, ingawa silipendi. Siku watu walipochujwa kutafuta wanaowasaidia wapiganaji wa msituni, wanaume walipangwa uwanjani, na mtu aliyevikwa gunia kutoka kichwani mpaka magotini akapitishwa mbele yao. Gunia lilikuwa na matundu ya macho. Akitikisa kichwa mbele yako, umekwisha. Mbele ya baba alitikisa. Waliomvika hilo gunia walisahau miguu. Kijiji kizima kiliona kidole kikubwa cha mguu wa kushoto, kimepinda ndani kama kinachungulia wenzake, na kila mtu akajua ni nani. Alikuwa mzee wa kijiji chetu, baba Nyokabi.

Na Nyokabi ndiye aliyekuwa rafiki yangu. Mambo ya watoto hayo. Kwao walibaki na ng'ombe, kwetu hakuna hata mbuzi. Yeye alichukia kubeba mavi, na mimi nilihitaji mavi ya kubeba, kwa hivyo kila Ijumaa nilipitia nyuma ya zizi lao, nikajaza karai, nikabeba kwa niaba yetu sote wawili.

"Ya kwenu leo ni mengi," Nyokabi alikuwa akinitania mbele ya wengine.

"Na ya kwenu ni mabichi," nilimjibu. "Ng'ombe wako anaumwa tumbo."

Mama yangu na mama yake hawakusalimiana. Wakikutana mtoni kila mmoja aliangalia mtungi wake. Lakini Ijumaa rundo lilikuwa moja, na hakuna aliyeweza kusema mavi haya ni ya aliyefungwa na haya ni ya aliyefungisha.

Basi akaja Mwalimu Yohana. Alikuwa kijana mrefu, suruali yake ya kaki ina mkunjo unaoweza kukata mkate, na viatu alivyovivua usiku tu, nadhani. Alikuwa ametoka kusomea ualimu na alikuwa na moto wa dini. Siwezi kusema alikuwa mtu mbaya. Alitaka tuwe jamii moja yenye roho moja, alisema hivyo kila asubuhi, na alilia akiomba. Ijumaa yake ya kwanza alitukuta mlangoni tumesimama ndani ya rundo letu, akarudi nyuma na leso puani.

"Kuanzia leo mavi hayataingia nyumba ya Mungu," akasema. "Nyinyi ni watoto wa nuru, si watoto wa zizi."

Jumapili iliyofuata aliwaeleza wazazi. Mama yangu, ambaye mdomo wake ulimletea shida nyingi, akauliza kutoka upande wa wanawake.

"Na vumbi je, Mwalimu?"

"Vumbi litamwagiwa maji, mama."

"Maji yatatekwa na nani? Sisi tunachimba handaki mpaka jua linaingia."

Wanawake wakacheka chini chini. Mwalimu akasema Mungu atatoa njia, akaanzisha wimbo. Huyu mtu alikuwa na tabia ya kuanzisha wimbo kila akiulizwa swali.

Badala ya mavi ikaingia sabuni nyekundu. Kila nyumba ilitakiwa kununua. Asubuhi tulipanga mstari tukinyoosha mikono, na Mwalimu alipita akiinama na kunusa kiganja baada ya kiganja, pua yake inakugusa, baridi na yenye unyevu kama ya mbwa. Mpaka leo nikikumbuka nasugua kiganja kwenye nguo. Mkono ukinuka sabuni, uliingia duara la ndani la maombi, mkashikana mikono. Ukinuka moshi au kitunguu, ulisimama duara la nje, nyuma yao, bila kushika mtu. Haikuchukua muda duara la ndani likawa watoto wa homgadi, askari wa kijiji waliokuwa upande wa serikali, na wa makarani wa shamba la kahawa, na la nje likawa sisi wa baba walio kambini. Nyokabi alikuwa ndani. Nilikuwa nasimama nyuma yake nikiona kisogo chake kinachong'aa, kinanuka hospitali. Aligeuka mara ya kwanza na ya pili. Baadaye aliacha kugeuka. Mwalimu aliita hiyo umoja wa roho, na macho yake yakajaa machozi.

Jua la Januari likaja, sakafu ikapasuka, ikawa unga. Ukitembea unaona moshi wa vumbi kwenye miguu. Kwanza wakaja viroboto, kisha funza.

Kama hujawahi kuota funza, shukuru. Anaingia mdogo kama nukta, pembeni ya kucha, na mwanzoni anawasha utamu, unajikuna huku umefumba macho. Kisha anajitengenezea nyumba humo ndani, anavimba kama punje ya dengu, mweupe mwenye jicho jeusi. Ukimtoboa vibaya mayai yanamwagika kama maziwa yaliyoharibika. Ukimwacha, kidole kinaoza, na harufu ya kidole kinachooza siwezi kuwafananishia na kitu, maana sijawahi kunusa kitu kama hicho hata kwenye machinjio ya Thika. Mama alinitoa funza kila jioni kabla ya giza, kwa pini aliyoichoma kwenye moto, kisha akanipaka mafuta ya mbarika. Asubuhi nilienda shule nikarudi na wengine. Wazazi wote walijua funza wanatoka wapi. Hakuna mama aliyekuwa hajui. Lakini nani angemwambia mtu anayelia akiomba?

Mwalimu naye alikuwa na jibu lake. Funza ni uchafu wa nyumbani. Akaanza kukagua miguu, na watoto wa duara la nje wakaanza kurudishwa nyumbani. Nilirudishwa, nikarudi nimetolewa wote, nikarudishwa tena. Akamwita mama, akamwambia nikionekana tena na funza nisirudi kabisa. Mama aliinamisha kichwa, kitu ambacho sikuwa nimezoea kukiona. Alikuwa na sababu. Aliwahi kuweka kidole gumba kwenye karatasi ya chifu bila kujua imeandikwa nini, na baadaye akaambiwa ndiyo iliyotoa kipande chetu cha shamba. Tangu hapo alikuwa na neno moja tu kwangu: katika nyumba hii lazima kuwe na mtu wa kusoma. Angechimba handaki na meno yake ili nibaki shuleni.

Nyokabi hakurudishwa. Alinunuliwa raba nyeupe, na Mwalimu hakukagua miguu iliyo ndani ya raba.

Karibu na Pasaka, Mwalimu akatangaza ibada ya kuosha miguu, kama Bwana alivyowaosha wanafunzi wake. Padre mzungu angetoka Thika aje awaoshe watoto mbele ya wazazi, ili kijiji kizima kione jinsi shule ilivyokuwa mwili mmoja. Nilipoisikia nilifurahi kwa ujinga wangu. Nilidhani wenye miguu michafu ndio watakaooshwa. Nilikosea. Wakachaguliwa wa duara la ndani, wakaagizwa kwanza waoge miguu nyumbani kwa sabuni. Sisi wenye funza tulipelekwa jikoni, nyuma ya shule, siku hiyo, tukaambiwa tukae kimya mpaka gari la Padre liondoke.

Jiko lilikuwa limeegemea ukuta wa shule, na udongo ulikuwa umebanduka. Niliweka jicho kwenye tundu. Wanawake walikaa kushoto, mama yangu akiwa mbele, koti la baba mabegani. Baba Nyokabi alikaa kwenye kiti chake upande wa wanaume, amevaa viatu. Katikati kulikuwa na beseni jeupe, taulo, na sabuni nyekundu mpya kwenye sahani, kama keki. Padre alikuwa mzee mwenye masikio mekundu, akapiga magoti kwenye vumbi kwa shida.

Nyokabi alikuwa wa kwanza kwa ajili ya babake. Padre akafungua kamba za raba, akavuta, haikutoka. Akavuta tena kwa nguvu. Ikatoka pamoja na harufu, na hiyo harufu ilinifikia mimi nyuma ya ukuta. Vidole vilikuwa vimevimba vimeshikana, vyeusi, vinavuja. Vidogo viwili havikuwa tena na umbo la vidole. Kile kikubwa kilipinda ndani kama cha babake.

Padre alikiangalia. Mwalimu akainama upesi akamnong'oneza kitu. Halafu yule Padre, polepole, kama mtu anayerudisha kifuniko kwenye sufuria ya mtu mwingine, akaurudisha mguu ndani ya raba. Akafunga kamba. Akachota maji kwa kiganja, akaosha raba. Akaipaka sabuni nyekundu mpaka ikatoa povu, akaisuuza, akaipangusa kwa taulo. Nyokabi alikuwa amefumba macho, maji yanaingia ndani. Mwalimu akaanzisha wimbo, na watu wote wakaitikia, kwa sauti kubwa kuliko siku zote.

Nilitapika githeri yangu pale jikoni, kando ya mafiga.

Nilipoweka jicho tena, mama yangu alikuwa amesimama. Mwalimu alinyoosha mkono bila kuacha kuimba, kisha akaacha.

"Mama Wambui, kaa chini."

"Nikae nikiangalia nini?"

Akatembea mpaka mbele, akakaa chini kwenye vumbi, akavuta ile raba iliyooshwa akaitupa kando. Akatoa pini kwenye kola ya koti la baba.

Baba Nyokabi akainuka. "Wewe, usimguse mtoto wangu."

Mama hakuinua kichwa. "Mguu huu naujua, baba Nyokabi. Kaa."

Wimbo ulikuwa umekwisha. Mtu mzima yule, mwenye bunduki nyumbani kwake, akakaa. Nilisikia kiti kikilia. Mama akaanza na kidole kikubwa, kile kilichopinda. Nyokabi alipiga kelele, akauma pindo la nguo yake. Mama Nyokabi akatoka kwenye benchi, akaja akamshika goti mwanawe ili asitikisike. Wanawake hao wawili hawakuambiana neno. Padre alibaki na taulo mkononi mpaka Mwalimu akamwambia chai iko tayari, wakatoka.

Mimi nilichukia. Nataka mjue hivyo. Nilijua kidole kile kilikuwa cha nani kabla hakijawa cha Nyokabi, na nilimwona mama akikiinamia karibu pua ikiguse, usaha ukimchuruzika mkononi, na nikaona kinyaa kuliko cha funza wenyewe. Na nilijua shule imekwisha. Ilikuwa imekwisha kweli. Mwalimu alikuja jioni hiyo hiyo mlangoni kwetu, akasema mama ameharibu ibada mbele ya mgeni, na mtoto wake asirudi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akaingia ndani akapika uji, na sikuwahi kumwona akikoroga uji kwa muda mrefu hivyo.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa nimekaa nje ya nyumba nimempakata mtoto wa jirani, kazi yangu mpya. Nikawaona wanawake, mama yangu kati yao, wakielekea shuleni na madebe vichwani. Hakuna aliyewaita. Mbele alikuwa mama Nyokabi, na debe lake lilikuwa linachuruzika kijani mpaka begani. Mwalimu Yohana alisimama mlangoni na leso yake. Wanawake hawakubishana naye, walimwaga tu mbele ya viatu vyake, mmoja baada ya mwingine, mpaka akasogea. Nyokabi alikuwa amekalishwa kwenye benchi nje, mguu umefungwa kitambaa. Akaniona.

"Wambui, kuja ukanyage ya kwetu. Mimi siwezi na huu mguu."

"Mimi si wa shule."

"Nani amekuuliza shule? Kuja."

Nikamweka mtoto wa watu kwenye nyasi, nikapanda kwenye rundo. Nilipaka sakafu ya shule ambayo haikuwa yangu tena, nikirudi nyuma kuelekea mlangoni, mama yangu upande mmoja na mama Nyokabi upande wa pili. Mkono wa yule mama ulikuwa ukigusa wangu kila tukifika katikati. Hatukuimba.

Mwalimu alihamishwa baadaye, lakini wakati huo mimi nilikuwa nikichuma kahawa. Herufi zilizobaki nilifundishwa na Nyokabi, tukiandika kwa kijiti chini ya mikahawa, ndizo hizi mnazosoma. Yuko hai, anaishi Githurai 45 kwa mwanawe, ghorofani juu kabisa, na vidole viwili hana. Baba alirudi, akaishi, akafa. Mzee wa kijiji pia. Sijui kama waliwahi kuongea.

Miaka mingi baadaye, mama akiwa amezeeka, mchungaji wetu alikuja kumtembelea. Alikuwa amesikia habari ya mguu ule, akaihubiri kanisani kama mfano wa upendo kwa adui. Hata mimi nilikuwa nimeanza kuiamini hivyo, nikaisimulia hivyo kwa watoto wangu. Mama alimsikiliza, akacheka mpaka akakohoa.

"Upendo gani, mchungaji? Yule mtu sikumsamehe, na nikifika huko mbinguni nikimkuta tutaongea. Mimi nilisikia kinyaa tu. Waliimba juu ya mguu unaooza. Ningekaa pale ningetapika."

Mchungaji alikunywa chai yake haraka. Mimi nilibaki na kikombe mkononi. Nilikuwa nimefikiri siku ile nilikuwa peke yangu nyuma ya ukuta na kutapika kwangu, na kwamba mama alikuwa upande ule mwingine, upande wa watakatifu, ambako tumbo halichafuki. Kumbe tulichafukwa na kitu kile kile, dakika ile ile. Tofauti ni kwamba mimi nilitapika, naye akatoa pini.

Kui ameniletea sabuni ya maji, ya kijani, inanukia ndimu. Amesema hii haitaniumiza. Nimemshukuru. Lakini kesho nitampeleka kwa jirani mwenye ng'ombe, nimwambie ashike mavi.